Kabla Hujanunua Ukuta wa Picha, Mtafute wa Kuujaza

Hotuba hii niliitoa hapa Mji Mkongwe mbele ya wasanifu, mafundi, wenye hoteli na wanafunzi. Wenzetu wengi wa Pemba walikwama Mkoani kwa ajili ya kusi, boti hazikuondoka, wakaomba niwaandikie yote. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizoonesha nimeziacha.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mafundi wangu, kina mama, wenye hoteli mliofunga safari kutoka Nungwi na Makunduchi, na nyinyi vijana mliojibanza nyuma kabisa: njooni mbele, nafasi zipo, na maneno mengi ya leo ni yenu.

Siku hizi nikiitwa kutazama jengo, siulizwi tena habari ya rangi wala ya viti. Naulizwa: "Dada, ukuta wa picha utakaa wapi?" Mtu anakusudia ule ukuta mzima wa taa za LED, kutoka sakafuni hadi darini, unaoonesha picha zinazotembea. Ameuona Dubai, sasa anautaka Kiwengwa. Mimi si mpinzani wa jambo hili. Naupenda ukuta huo, na naamini una mahali pake visiwani kwetu. Lakini kila nikimrudishia mteja swali langu moja, mazungumzo husimama.

Utaonesha nini?

Mtu ana bei ya skrini mkononi. Ana jina la muuzaji wa Shenzhen, kule China. Ana vipimo, ana tarehe ya kontena kufika bandarini Malindi. Picha hana. Mtu wa kuzitengeneza hana. Katika bajeti yake yote haikuandikwa hata shilingi moja kwa ajili ya kile ambacho mgeni atakitazama. Utaonesha nini? Ananyamaza, kisha anasema, "Tutapakua kitu mtandaoni." Hilo la kupakua kitu mtandaoni ndilo lililonileta mbele yenu.

Ndugu zangu, tusijidanganye kwamba ukuta wenye kusema ni jambo geni kwetu. Nani hapa hajafika Kizimkazi Dimbani? Pale msikitini, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, na yametaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Zaidi ya miaka mia tisa ukuta ule unasema na anayeingia. Piteni vichochoro vya Mji Mkongwe mtazame vizingiti vya milango: aya, mwaka, mauwa, mnyororo, samaki. Hakuna fundi wa zamani aliyeleta mlango mtupu kisha akamwambia mwenye nyumba atafute nakshi kwengine. Nakshi na mlango vilikuja pamoja, kwa mkono mmoja, kwa bei moja.

Na picha inayotembea nayo tunayo muda mrefu. Sinema ya Royal pale Vuga ilijengwa mwaka 1921, ikaungua 1954, na mahali pake pakasimama Majestic. Ngome Kongwe, jengo la kivita tangu enzi za kuondolewa Wareno, imekuwa ikipokea tamasha la filamu la ZIFF tangu miaka ya mwisho ya 1990, na watu wanakaa chini ya nyota wakitazama. Televisheni ya rangi iliwaka Zanzibar mapema miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika hazijaiona. Hata leo nenda Jaws Corner usiku wa mechi, uone wazee na vijana, kahawa mkononi, macho juu kwenye televisheni.

Sasa tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba sinema uliiendea. Ulilipa, ukakaa, filamu ikesha, ukarudi nyumbani. Ukuta wa picha huuendei, unakaa nao. Mgeni anapita mbele yake akiwa na mizigo na usingizi. Binti wa mapokezi yuko nao kwa muda wa saa nane kila siku, mwezi kwa mwezi. Filamu ina mwisho, ukuta hauna. Kwa hiyo anayeuchukulia kama televisheni kubwa amekosea mlango tangu mwanzo. Huo ni ukuta. Unapimwa kama ukuta: unafanya nini kwa mwanga wa chumba, kwa joto lake, kwa anayekaa karibu, kwa anayetaka kimya.

Niseme kidogo unavyofanya kazi, maana fundi hawezi kukiheshimu kitu asichokijua. Skrini hiyo ni vijitaa vidogo mno, vitatu kwa kila nukta: chekundu, kijani na buluu. Chekundu kilipatikana tangu mwaka 1962. Buluu ilisumbua wataalamu miaka thelathini. Bila ya buluu hupati nyeupe, na bila ya nyeupe hupati picha ya rangi kamili. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, na Shuji Nakamura kwa upande wake, walihangaika na kiini kimoja kiitwacho galiamu naitraidi, wenzao wakiwa wameshakata tamaa nacho, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 buluu yenye nguvu ikawaka. Mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Kila ukuta wa picha mnaouona duniani umesimama juu ya kijitaa hicho cha buluu.

Na kipo kipimo kimoja ambacho nataka kila mwenye hoteli akishike kabla hajatia saini: umbali baina ya nukta na nukta, unaohesabiwa kwa milimita. Wauzaji huandika herufi P na namba. P2.5 maana yake nukta zimeachana milimita mbili na nusu, na katika mita moja ya mraba zinaingia nukta 160,000. Kanuni ya mafundi ni nyepesi: milimita ngapi, mita ngapi. Ukiwa na P4, mtazamaji asikae karibu zaidi ya mita nne, na akikaa mbali mara mbili ya hapo macho yake yatamshukuru.

Niwape kisa. Kuna hoteli moja upande wa mashariki wa Unguja, jina lake naliacha. Ukumbi wake wa mapokezi uko wazi, unatazama bahari. Ngalawa zinapita, maji yanapwa na kujaa mbele ya macho yako. Mwenyewe akaweka ukuta wa picha wa P4 kwenye ukuta wa ubavuni, hatua mbili tatu kutoka meza ya mapokezi. Mgeni anayejiandikisha haoni picha, anaona nukta. Na walionesha nini? Bahari! Samaki wa rangirangi wa Karibiani, video ya sekunde tisini, inarudi, inarudi, inarudi, tangu asubuhi mpaka usiku wa manane. Mchana jua likiingia picha inafifia, wakapandisha mwanga mpaka mwisho. Usiku hakuna aliyekumbuka kuushusha. Yule binti wa mapokezi aliniambia anawaona wale samaki hata akifumba macho. Na wageni? Waligeuza viti vyao wakaupa ukuta mgongo, wakatazama bahari ya kweli.

Fedha za ukuta ule zingeweza kujenga chumba cha wageni. Nani wa kulaumiwa? Skrini? Skrini ilifanya kazi yake. Hakuna aliyeuliza itaonesha nini, hakuna aliyeuliza nani atakaa karibu nayo, na hakuna aliyeuliza itanyamaza lini.

Neno hilo la kunyamaza nataka nilikalie, maana naona ndilo linalotutofautisha sisi wasanifu na wauzaji wa skrini.

Philadelphia, Marekani, mwaka 2008, ilifunguliwa skrini kubwa katika ukumbi wa chini wa jengo la Comcast Center. Upana wake unapita mita 25, kimo chake kinakaribia mita 8, na wakati ule ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa za aina yake. Watu walisafiri kwenda kuitazama. Lakini mimi kilichonivutia si ukubwa. Kuta za ukumbi ule zimepambwa kwa mbao. Waliotengeneza picha waliipiga picha ile mbao, mistari yake na rangi yake, wakaifundisha skrini kuwa mbao. Kwa hiyo kuna nyakati unaingia huoni skrini, unaona ukuta wa mbao kama kuta nyengine. Halafu mbao inafunguka, watu wanatokea, wanacheza, wanapita, ukuta unajifunga tena.

Mmeelewa, vijana? Walianza kwa kuuliza ukuta huu utakuwaje usipokuwa na la kusema. Walianza na kimya.

Sisi kwetu kimya kitakuwaje? Chokaa. Ukuta wa chokaa wenye kivuli cha mnazi kinachosogea polepole kadiri jua linavyokwenda. Mwanga unaoingia kwenye matundu ya dirisha la mbao na kutembea ukutani kutoka alasiri mpaka magharibi. Mtu apite asijue kama ni skrini. Na adhana inapotoka, ukuta utulie. Mwezi wa Ramadhani mchana, ukuta usitangaze chakula. Haya yanapangwa katika programu kwa dakika chache, ila lazima awepo aliyeyafikiri.

Na mwanga wake upimwe. Kipimo chake kinaitwa niti. Skrini ya ndani ikifika niti 600 au 800 inatosha mchana katika ukumbi wetu uliozoea vivuli. Usiku mia moja au pungufu, kutegemea taa za chumba. Zile za nje hupita 5,000, na nimewahi kuona mtu akiuziwa ya nje kwa ajili ya sebule. Kifaa kidogo cha kupima mwanga wa chumba na kuishusha skrini chenyewe hakina bei kubwa. Kidaini. Na picha zinazomweka haraka mzikatae moja kwa moja: mwaka 1997 huko Japani mamia ya watoto walikimbizwa hospitali kwa kutazama mmweko wa nyekundu na buluu katika kipindi kimoja cha katuni. Katika ukumbi wa hoteli mtu hakuchagua kutazama. Basi tumlinde.

Nyinyi wa pwani nawaongezea moja: skrini isielekee ufukweni. Watoto wa kasa wakitoka kwenye mayai usiku hufuata mwanga, na mwanga wao wa asili ni wa bahari. Ukiwawekea mwengine nyuma yao, watautambalia huo mpaka wafe.

Haya, sasa tuje kwenye swali lenyewe. Utaonesha nini?

Singapore, katika uwanja wa ndege wa Changi, jengo la nne la abiria lilifunguliwa mwaka 2017. Ndani yake wamejenga safu ya nyumba za duka za Waperanakan, wale watu wa mchanganyiko wa Kichina na Kimalai, pamoja na madirisha yao, vigae vyao, rangi zao. Katikati ya safu, nyumba mbili si nyumba: ni skrini, iliyofanywa ikalingana kabisa na majirani zake. Ghafla madirisha yanafunguka, kijana na binti wanasemezana kutoka ghorofa hadi ghorofa, majirani wanachungulia, kuna muziki, kuna mapishi. Abiria anayesubiri ndege anakutana na mtaa wa watu hao. Wangeweza kuweka maporomoko ya maji. Waliamua kuweka jirani zao.

Na Chicago, mwaka 2004, msanii wa Kihispania Jaume Plensa alisimamisha minara miwili ya matofali ya kioo, kila mmoja karibu mita 15, taa za LED zikiwa ndani. Katika minara ile hutokea nyuso za watu wa Chicago, karibu elfu moja, watu wa kawaida wa mji wao, uso mmoja baada ya mwengine. Uso unatulia, unapepesa macho, unakunja midomo, na maji yanatoka mdomoni, watoto wanayakimbilia. Mwenye mji akipita anaweza kumkuta shangazi yake amekuwa jengo.

Nikiuona mradi ule najiuliza: nyuso zetu zi wapi? Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani, wanaoshuka maji yakipwa na kurudi yakijaa, mikono yao imeshika kamba tangu asubuhi. Wachuma karafuu wa Pemba, msimu unapofika, juu ya mti na pishi chini, halafu yale majamvi ya karafuu zinazoanikwa barabarani kote Wete mpaka harufu inaingia ndani ya gari. Fundi wa madau. Mshona kofia, tundu baada ya tundu, kofia moja kwa miezi. Mkono wa mpiga kanuni katika taarabu, mkono tu, ukubwa wa ukuta mzima. Je, mgeni aliyetoka Ulaya saa kumi angani anahitaji samaki wa Karibiani, au anahitaji kujua amefika wapi?

Lakini, na hapa naomba mnisikilize vizuri wenye kamera, ruhusa. Mwanamke wa Jambiani si pambo. Umemkuta majini, nguo zimelowa, unampiga picha, kesho uso wake ni mita tatu katika ukumbi ambao yeye mwenyewe mlinzi hamruhusu kuingia. Hilo ni jambo la aibu, na naliona likitendeka kwa picha za kawaida za ukutani. Muombeni. Mlipeni. Muoneshe picha kabla haijawekwa, na siku ya kuiwasha awe mgeni wa mwanzo. Ibada za watu msizifanye mapambo hata kidogo.

Na wapo wasiotaka sura ya kiumbe chenye roho ndani ya nyumba. Hao nao ni wateja wetu, na msimamo wao ni wa kuheshimiwa. Nilimfanyia kazi mzee mmoja Chake Chake, mcha Mungu, mtu wa karafuu. Watoto wake walitaka ukuta wa picha sebuleni, yeye hataki mtu wala mnyama ukutani. Tukakaa barazani tukazungumza mpaka alasiri. Mwisho akasema kitu anachokipenda ni kivuli cha majani ya mkarafuu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tukaenda shambani kwake, kijana mmoja na kamera yake, tukarekodi kivuli kile juu ya shuka nyeupe, siku za upepo na siku za utulivu. Katika ukuta wake leo hakuna kiumbe. Kuna kivuli kinachopumua. Wageni wake huuliza dirisha liko wapi.

Katika kazi ile nilijifunza jambo ninalotaka mlichukue wanafunzi: picha bora ya ukutani haina haja ya kuwa filamu. Video fupi inayojirudia humchosha mtu, kwa sababu akili inaijua mwisho wake. Tengenezeni picha inayofuata kitu kilicho hai. Sisi tuna kupwa na kujaa, mara mbili kila siku, na bamvua na maji mafu kwa mwezi. Jedwali la maji linapatikana, lina saa na kimo. Kijana anayejua kuandika programu anaweza kufanya ukuta ambao maji yake yanapanda na kushuka pamoja na maji ya Chwaka, leo juu, kesho kutwa chini zaidi, kaskazi rangi hii, kusi rangi ile. Ukuta huo hautajirudia sawasawa hata siku moja. Na mgeni akitaka kwenda kuogelea, atautazama ukuta kabla ya kumuuliza mtu.

Kazi hiyo si ya Shenzhen. Kazi hiyo ni yenu.

Sasa nizungumze na mafundi, maana ukuta wa picha hauningʼinii hewani. Nyumba zetu za mawe ni matumbawe na chokaa, kuta zake zinafika nusu mita na zaidi, na zinapumua. Unyevu unaingia na kutoka kupitia chokaa. Mmeshaona wenyewe pale mtu alipopiga plasta ya saruji: unyevu unafungiwa ndani, chumvi inasukuma, plasta inabambuka. Ukibandika skrini moja kwa moja juu ya ukuta wa chokaa, umefanya kosa lilelile, na juu yake umeleta joto. Acheni nafasi nyuma, hewa ipite chini na itoke juu. Na msitoboe tumbawe kwa boliti mkadhani limeshika kama zege. Mita ya mraba ya skrini pamoja na fremu yake inaweza kufika kilo thelathini na zaidi. Ukuta wa mita sita za mraba ni uzito wa watu watatu wananingʼinia usiku na mchana. Jengeni fremu inayojisimamia yenyewe, tena sakafu ya chini, siyo juu ya boriti za mikoko zenye umri wa babu wa babu zetu. Beit-el-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Disemba 2020, na wafanyakazi wawili wakafa. Baada ya siku ile sidhani kama kuna fundi hapa anayehitaji kuambiwa mara mbili kwamba jengo kongwe halibebeshwi.

Boriti hizo hizo zinatupa jibu jengine. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vyetu, mita mbili na nusu, tatu. Basi rudini kwenye kanuni ya milimita na mita: katika chumba cha namna hiyo hata P2.5 iko karibu mno. Utahitaji nukta za milimita moja na kitu, na bei yake inapaa. Kwa nyumba kongwe mimi naelekeza projekta: haigusi ukuta, haiubebeshi, ikizimwa chokaa kinabaki chokaa. Inataka giza, kweli, lakini vyumba vyetu vina giza tele.

Na kwa kuta za nje za Mji Mkongwe, jibu langu ni hapana. Mji huu uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na hakuna ukuta unaoguswa bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Lakini hata kibali kingekuwa rahisi, jibu langu lingekuwa hapana. Kichochoro cha mita mbili hakina pa kuikimbia skrini.

Umeme. Nani amesahau Mei 2008? Karibu mwezi mzima Unguja gizani. Nani amesahau Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Tangu hapo tumepata waya mpya wa chini ya bahari kutoka Bara mwaka 2013, na Pemba ilipata wake kutoka Tanga mwaka 2010, alhamdulillahi. Lakini hesabu bado ni hesabu. Ukuta wa mita tatu kwa mbili, ukila wati 200 kwa mita ya mraba kwa wastani, ni wati 1,200. Uwashe saa 16 kila siku, ni karibu yuniti 580 za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa mwezi, na bado hujahesabu kiyoyozi kinachopambana na joto lake. Ukiushusha mwanga usiku, hesabu nayo inashuka. Kimya, mnaona, kinalipa.

Na vipuri. Huko Korea Kusini, katika jumba la sanaa la taifa la Gwacheon, Nam June Paik alijenga mwaka 1988 mnara wa televisheni 1,003. Miaka ikapita, televisheni zikachakaa, na za aina ile zikaacha kutengenezwa. Mwaka 2018 mnara ukazimwa kwa kuhofia usalama. Ilichukua mpaka 2022 kuuwasha tena, baada ya mafundi kutafuta vioo vya zamani kila pembe na kukubali kubadilisha baadhi kwa skrini za kisasa. Hiyo ni nchi inayotengeneza skrini za dunia! Wewe wa Pongwe utafanyaje? Nunua vipande vya akiba siku ileile unayonunua ukuta, kutoka katika fungu lilelile la kiwandani, kwa sababu rangi za fungu jengine hazitalingana. Chumvi yetu haina huruma. Na mtume kijana mmoja wa hapa akafundishwe kuvibadilisha, asisubiriwe mtu wa kutoka ngʼambo kwa ndege kwa sababu ya kipande cha ukubwa wa kiganja.

Wenye hoteli, ombi langu kwenu lina namba ndani yake. Katika kila shilingi kumi mnazotenga kwa ukuta wa picha, tatu ziwe za picha zenyewe. Siyo mara moja: kila mwaka muwe na fungu la picha mpya, liandikwe pamoja na la rangi na la bustani. Mkishindwa kutenga hizo tatu, msinunue ukuta. Pigeni chokaa safi, wekeni taa nzuri, mtakuwa mmefanya jambo la heshima.

Wanafunzi waliokuja na kazi zao wamezipanga kwenye meza ya kushoto, karibu na mlango wa uani. Kuna aliyerekodi kupwa kwa maji ya Chwaka kutoka mahali pamoja tangu alfajiri, kuna mwenye programu ya jedwali la maji, na kuna binti wa Wete aliyeleta majamvi ya karafuu. Chakula kiko tayari, lakini nawaomba wenye hoteli mpitie meza ile kwanza, mkiwa na simu mkononi muandike namba za vijana. Waliokuja na maswali juu ya fremu na uzito, mimi nitakaa hapahapa.